Mstari wa Kituo cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi bila hodi. Daftari hili nimelifungua kwa sababu Daktari, mkuu wa utafiti wetu, amesema wakaguzi wakija kila mtu atatakiwa kukumbuka alifanya nini siku gani. Kichwa changu hushika namba. Siku hakizishiki.

Basi niandike kazi yangu. Mimi ni mtakwimu, nahesabu wanaokufa. Tuna vituo sita na wagonjwa wa moyo mia tatu na kumi. Nusu wanameza dawa mpya na nusu ya zamani. Kwangu mimi wao ni Kundi A na Kundi B tu. Kundi lipi linameza nini, jibu limo kwenye bahasha ya kamati ya usalama, na bahasha imefungwa. Kila kituo nakichorea mstari. Unaanzia juu, wote wakiwa hai, na kila mtu anapokufa unashuka ngazi moja. Tarehe 14 Aprili kamati itataka kuiona mistari hiyo, iamue kama jaribio liendelee.

Vituo vitano vinashuka, polepole, kama mtu mzima ashukavyo ngazi. Kituo cha Nne hakishuki. Watu arobaini na mmoja, miezi kumi, na mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Mezani Mama akaniuliza kama kawaida yake, "Leo wamekufa wangapi?"

"Wawili."

"Wapumzike," akasema, akanipakulia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kituo cha Pili, mmoja. Kituo cha Sita, mmoja. Cha Nne, kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga hesabu. Kwa umri wao na hali ya mioyo yao, Kituo cha Nne kilipaswa kupoteza watu kama kumi. Kwamba kisipoteze hata mmoja kwa bahati tu, hiyo ni mara moja katika elfu ishirini na mbili. Nikampelekea Daktari karatasi.

Daktari ni mtu mwema, mwenye haraka. Akaisoma amesimama.

"Yule muuguzi wa kule ni hodari," akasema. "Fomu zake haziji na kosa hata moja. Ni kituo cha mfano."

"Hodari wa kiasi gani, Daktari? Moyo uliochoka umechoka."

"Sasa wewe unataka wafe?"

Nikanyoosha mkono nichukue karatasi yangu. Akalainika, akasema vituo havifanani, na kuna njia ya kitakwimu ya kulishughulikia hilo, niitumie. Ni kweli ipo: unalinganisha A na B ndani ya kila kituo peke yake, kisha unajumlisha. Lakini katika hesabu hiyo kituo kisicho na kifo hakichangii chochote. Watu arobaini na mmoja wamekaa ndani ya hesabu yangu na hawasemi neno.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisini yupo binti anayewapigia wagonjwa simu kila baada ya wiki mbili, tunamwita Kengele. Tulimpa kila mgonjwa simu ndogo ya vitufe kwa kazi hiyo. Leo nimemuuliza habari za Kituo cha Nne, akashusha mabega.

"Dada, kule mauti yamepoteza anwani." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Wengine wananisimulia mambo ya wajukuu, ya miguu kuvimba, mpaka nachoka kusikiliza. Ila wapo kama kumi hivi, jibu lao ni moja. 'Nipo. Bado nipo.' Basi."

"Kwani ni ajabu mgonjwa kusema yupo?"

"Si maneno, dada. Ni sauti. Kila nikikata najiambia, huyu si nimeshaongea naye?"

Nikamwambia simu za bei rahisi hufananisha sauti. Nilisema hivyo, nami mwenyewe sikuamini.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa na Kengele mchana mzima, spika imewashwa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu walikuwa watu: mmoja anatafuna, mmoja anagombana na mkwewe, mmoja anaomba tumpigie baadaye kwa sababu yuko msalani. Tukacheka.

Kisha namba 4-017. Iliita mara saba. Sauti ikaja, kavu, ambayo huwezi kujua ni ya kike au ya kiume. "Nipo. Bado nipo." Nyuma yake hakukuwa na kuku, mtoto, redio wala mlango. 4-020, vilevile. 4-029, vilevile.

4-011 ndiye aliyebadilisha. Alisema, "Nipo," akatulia, tukasikia kitu kama mchanga ukimiminika. Halafu akasema, "Mvua imeingia mpaka huku."

Kengele akakata bila kuaga. Nimeandika kwenye orodha: sekunde arobaini na moja.

Jumamosi, 15 Machi

Bomba la jikoni linavuja. Fundi hakuja. Mama kaweka ndoo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewapata. Sikutumia modeli yoyote ya hesabu, nilitazama uzito tu.

Mgonjwa wa moyo hujaa maji, hupungua, hujaa tena. Mwezi huu kilo sitini na moja, mwezi ujao hamsini na tisa. Kituo cha Nne, watu thelathini wanapanda na kushuka hivyo. Kumi na mmoja hawapandi wala hawashuki. Hamsini na nane, hamsini na nane, hamsini na nane. Mapigo yaleyale, miezi mitatu, minne, mmoja wao miezi saba. Na katika jedwali la vidonge, hao kumi na mmoja hawajawahi kusahau kidonge hata kimoja. Katika mia tatu na kumi, hakuna mwingine mwenye nidhamu hiyo.

Nikaandika namba zao kwenye karatasi. 4-017 imo. 4-020 na 4-029 zimo. 4-011 imo.

Nilidhani nitafurahi, maana mtu wa kazi yangu hufurahi akipata anachokitafuta. Niligeuza karatasi kifudifudi, nikaenda kunawa mikono.

Jumanne, 18 Machi

"Muuguzi mvivu," nimemwambia Mama. "Hawapimi. Ananakili fomu ya mwezi uliopita."

Mama alikuwa akichambua mboga. "Mvivu hashiki kalamu kila mwezi, mwanangu. Mvivu angewaachia mstari mtupu."

Ijumaa, 21 Machi

Daktari kakubali niende Kituo cha Nne. Ameniomba nimfichie aibu kama ipo, halafu akaona haya kwa kusema hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Barabara ya huko imefungwa.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika leo kwa utulivu, maana jana usiku nilishindwa kuandika.

Barabara ilifunguliwa; jana alfajiri tulitoka na dereva wa ofisi, tukafika saa saba. Kituo cha Nne ni vyumba vitatu nyuma ya zahanati, bati jipya, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa. Barazani kulikuwa na benchi na wagonjwa tisa, miguu yao imevimba, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Waliacha kuongea. Mzee wa pembeni akaitazama miwani yangu, akautazama mkoba wangu.

"Ndiwe unayetuhesabu?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Tumetimia?"

Wenzake walinitazama wakisubiri. Nikasema ninaendelea kuhesabu. Akatikisa kichwa, ameridhika. "Hapa hatufi," akamwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Muuguzi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, soksi nyeupe. Alinikaribisha kiti, akafunga mlango, akasubiri. Sikuzunguka. Nikampa karatasi yenye namba kumi na moja. Akaisoma moja moja, kidole kikishuka, na kila namba midomo yake ilicheza. Nilijua kuwa anasema majina.

"Wote?" nikamuuliza.

"Wote."

Akafungua kabati la dawa kwa ufunguo wa shingoni. Rafu ya chini ilikuwa na simu zetu ndogo za vitufe, zimepangwa, kila moja imebandikwa plasta yenye namba kwa kalamu nyeusi, na kila moja imechomekwa kwenye chaji. Taa za kijani zilikuwa zinawaka.

"Familia zilizirudisha," akasema. "Ni mali ya ofisi. Watu waaminifu."

Akanieleza bila kulia. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mwezi wa nane. Mkewe alileta simu siku ya tatu baada ya mazishi. Muuguzi akachukua fomu ya kifo, akakaa, akaandika tarehe. Simu ikalia mkononi mwake. Alikuwa na mafua. Sauti ya msichana ikauliza, mzee unaendeleaje?

"Sikujua nitamjibu nini mtoto wa watu. Nikasema, nipo."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikatoka barazani, wakaniuliza, mwalimu mbona haonekani? Binti yangu, hawa watu niliwavuta mmoja mmoja kuja hapa. Waliambiwa dawa za majaribio zinaua. Wakisikia mmoja kafariki, wote wanaondoka, na hapa nje ya jaribio hakuna mtu wa kuwapima hata presha. Nikasema, anaendelea. Nikapanga fomu niijaze kesho." Alizikunja soksi zake, akazikunjua. "Wanatoka milima mbalimbali. Kila nyumba inamjua maiti wake tu. Hakuna aliyejumlisha."

Hapo ndipo simu moja ikalia. Plasta: 4-029.

Muuguzi akanitazama, kisha akaitazama simu. Nadhani mkono wake ulikwenda wenyewe. Alipoiweka sikioni uso ukashuka, shingo ikaingia mabegani, na mtu niliyekuwa nikiongea naye hakuwapo tena kwenye kile kiti. Sauti ile kavu ikatoka.

"Nipo. Bado nipo."

Na upande wa pili, nikamsikia Kengele wetu, mdogo kama mdudu ndani ya kopo, akisema asante, mama, tutakupigia tena.

Niliipokonya. "Kengele, ni mimi."

Akasema, polepole sana, "Dada? Kwa nini uko huko na wao?"

Ilinichukua muda kumshawishi kwamba mimi ni mzima.

Nilipotulia nikaanza kuhesabu simu, ili niandike ripoti. Zilikuwa kumi. Nikarudia. Kumi. Iliyokosekana ni 4-011.

"Hiyo sinayo," Muuguzi akasema. "Mkewe aliitia mfukoni mwa koti alilozikwa nalo. Alisahau, au alitaka. Huyo fomu zake nilikuwa najaza, ila simu yake sijawahi kuijibu."

Nilimwambia tulizungumza naye tarehe kumi na moja mwezi huu. Nilimwambia alichosema kuhusu mvua.

Ndipo akalia.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepiga 4-011 mara tatu mchana huu. Haipatikani. Labda mtu aliitoa mfukoni kabla ya mazishi, labda kadi ilihamishwa, labda namba ilikosewa siku ile. Nimeandika labda tatu na hakuna inayonitosha. Kwenye ripoti nimeandika: simu haikupatikana.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimewaingiza. Muuguzi amenipa tarehe zote kutoka kichwani, hakutazama popote, na wajumbe wa vijiji vyao wamezithibitisha kwa barua. Nilikaa saa tatu asubuhi na kikombe cha chai. Unaandika namba, unabadilisha "hai" kuwa "amefariki", unaweka tarehe, unabonyeza. Mstari unashuka ngazi moja. Mwalimu. Bonyeza. Yule mama wa kilo hamsini na nane. Bonyeza. Mpaka wa kumi na moja mstari wa Kituo cha Nne ulikuwa umefanana na wa watu wote.

Chai ilikuwa bado ya moto. Dakika tisa, watu kumi na mmoja.

Kisha nikaendesha hesabu upya, A na B. Niliitazama namba iliyotoka, nikaangalia kama nimekosea, nikaiendesha tena. Katika wale kumi na mmoja, tisa ni wa Kundi B.

Kituo kilichokuwa kimya kimesema. Kundi B wanakufa zaidi. Si kidogo, na si bahati.

Alhamisi, 3 Aprili

Daktari kasoma amekaa. Kwa mara ya kwanza namwona akisoma amekaa. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia kwa kiasi gani. Akainua simu kuitisha kamati bila kungoja tarehe 14. Mkono wake ulikosea namba mara mbili. Nilimdhania mtu wa sifa. Leo nimeona ni mtu mwenye woga kama mimi, ila ana tai.

Ijumaa, 4 Aprili

Kamati imefungua bahasha. B ni dawa mpya. Jaribio limesimamishwa saa nane mchana.

Tumegawana orodha, kila mtu wa ofisi, hata dereva, kuwaambia walio hai waache vidonge hivyo leo hii. Kengele amekataa kupiga Kituo cha Nne. Nikapiga mimi. Thelathini, wote walijibu. Kila aliyesema "nipo" nilimwomba aseme kitu kingine. Mmoja akaniuliza kama nimelewa.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Nimelala.

Jumatano, 9 Aprili

Mama ameacha kuniuliza wangapi. Leo nikamwambia mwenyewe, nikamsimulia habari yote, kabati na zile taa za kijani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema.

"Huyu alificha hata kilio, Mama."

Akafikiri. "Basi alibeba mzigo wa vilio kumi na kimoja peke yake. Usimchukie sana."

Sikuwa namchukia. Nilipoanza kumchukia ni jioni hii, baada ya hesabu niliyojizuia kuifanya wiki nzima.

Kamati ilikutana pia mwezi wa kwanza. Kufikia siku ile, saba kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wameshazikwa. Nimewarudisha mahali pao, kwa tarehe zao, nikaendesha ripoti ya Januari kama ambavyo ingepaswa kuwa. Inavuka kizingiti cha kusimamisha jaribio. Kamati ingesimamisha Januari. Tangu siku hiyo mpaka tulipowaambia waache, Kundi B katika vituo vyote wamekufa kumi na saba. Wengine wangekufa hata kwa dawa ya zamani, maana mioyo yao ilikuwa mibovu. Modeli inasema waliokufa kwa sababu ya kuchelewa huko ni kati ya wawili na saba.

Nimeifunga kompyuta. Hakuna aliyeniomba hesabu hii.

Jumanne, 22 Aprili

Jua la saa mbili, kisha mvua. Bomba limetengenezwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Kituo cha Nne hakifungwi. Wagonjwa watatibiwa na dawa ya zamani hadi mwisho wa mwaka. Muuguzi mpya kapelekwa. Kengele anaripoti kwamba wazee wanamnunia.

Jumanne, 6 Mei

Muuguzi wa zamani amekuja ofisini kutia saini maelezo yake. Amesimamishwa kazi, shauri lake liko mbele ya baraza la wauguzi. Alivaa gauni la kawaida, nikampita ukumbini bila kumtambua. Daktari alimpa mkono. Kengele alijificha chumba cha karatasi, kisha akatoka, akasimama mbele yake, akasema, "Shikamoo, mama," na yule mama akaitika "Marahaba" kwa sauti yake mwenyewe, laini, ya kike kabisa. Kengele akaanza kulia kwa sababu hiyo tu.

Alipomaliza saini akaomba aongee nami. Tukakaa kwenye meza yangu, mvua ikipiga dirisha.

"Waliniambia dawa ndiyo ilikuwa inawaua," akasema.

"Iliwazidishia, ndiyo."

"Ningejaza fomu, mngejua mapema."

"Ndiyo, mama."

"Mapema kiasi gani?"

"Januari."

Aliufungua mkoba wake, akaufunga. Niliomba Mungu asiulize, na nilijua atauliza, maana ni mtu wa fomu zisizo na kosa.

"Baada ya Januari, kuna aliyekufa kwa sababu yangu?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema hayo ni ya Mungu, akaondoka, nami nikabaki na siri yangu kabatini. Nikamwona tena akiwa na simu sikioni, shingo imeingia mabegani.

"Wapo," nikasema. "Kati ya wawili na saba."

"Nitajie hao wawili."

"Siwezi. Hesabu inajua ni wangapi, haijui ni nani. Kuna kumi na saba, wao wamo humo ndani, katika vituo vyote sita. Wengine ungewapenda, wengine hukuwahi kuwaona. Hakuna njia ya kuwatenganisha."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akatazama skrini yangu, mistari sita ikishuka. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura katika picha ya mazishi. Kisha akachukua mkoba wake, akasimama.

"Wangapi ulisema mwisho wake?"

"Saba."

"Basi mimi nitachukua saba," akasema, akatoka kwenye mvua.